Liyongo Afikapo Moshono: Juu ya Kusimulia Upya Tendi za Kale

Tunapozungumza juu ya urithi wa fasihi yetu, kitenzi kimoja hurudiwa kuliko vingine vyote: kuhifadhi. Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hotuba na maandiko mengi yamehimiza kwamba nyimbo, ngano na tendi za wazee wetu zihifadhiwe kabla hazijapotea. Himizo hilo ni jema, na sisi hatuna ugomvi nalo. Lakini yafaa tujiulize swali ambalo haliulizwi mara nyingi: hivi utendi huhifadhiwaje? Nafaka huwekwa ghalani, na kadiri inavyoguswa kidogo ndivyo inavyodumu. Utendi hauko hivyo. Tendi zilizotufikia zimetufikia kwa sababu waliozipokea walizigusa. Walizipunguza, waliziongeza, na mara nyingine waliziegemeza upande ambao mtunzi wa awali hakuufikiria.

Katika insha hii tunakusudia kuufuata mmoja tu, Utendi wa Fumo Liyongo, kutoka pwani ya Lamu na Pate mpaka unapofika Moshono, mashariki ya mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru. Moshono tumeichagua kwa makusudi. Leo ni mahali pa watu wa kila kabila, maana mji umekwisha kuifikia. Lakini wenyeji wake ni Waarusha, watu wa lugha ya Kimaa walioacha kuhamahama wakalima migomba na mahindi kwenye miteremko ya mlima. Kwa mtoto wa nyumba kama hizo, shujaa wa Waswahili ni mgeni. Na mbele ya wageni ndipo ufundi wa kusimulia hupimwa, kwa sababu msikilizaji wa Lamu huijua hadithi kabla haijaanza, naye humsamehe msimulizi mengi.

Kwa wale ambao hawajausoma, kisa chenyewe ni hiki. Liyongo alikuwa mtu wa kimo na nguvu zisizo za kawaida, mpiga upinde hodari, tena mtunzi wa nyimbo. Mfalme wa Pate alimwogopa, akataka auawe. Watu wa msituni walishawishiwa wajifanye rafiki zake, wakakubaliana naye kula kikoa, yaani kila mmoja kwa zamu yake awapatie wenzake chakula. Zamu ilikuwa ya kupanda mkoma na kuangua matunda yake. Shauri lao lilikuwa kwamba Liyongo akiwa juu ya mti wampige mishale. Liyongo alitambua. Hakupanda, aliyaangua makoma kwa mishale yake akiwa chini. Baadaye alitiwa gerezani, akatoroka. Mwisho mwanawe mwenyewe alirubuniwa kwa ahadi ya cheo na ya kuozwa binti wa mfalme. Akamwuliza babaye kitu gani kinachoweza kumwua, naye, ingawa alishuku, akamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwana akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akatwaa upinde wake, akaenda mpaka karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akapachika mshale, na katika hali hiyo roho ikamtoka. Watu walimwona wakadhani yu hai, wasithubutu kuteka maji kwa siku nyingi, hata mama yake alipoletwa kumsihi, na maiti ikaanguka. Yule mwana hakupata alichoahidiwa.

Wataalamu wametofautiana kwa karne nyingi juu ya wakati alioishi Liyongo, wala sisi hatutaingia katika ugomvi huo. Linalotuhusu ni njia ambayo kisa kilipita. Kwanza zilikuwako nyimbo zenyewe, zinazohesabiwa kuwa ni zake, zilizoimbwa katika ngoma ya gungu kwenye arusi za pwani. Aliyezisikia katika ngoma hakusimuliwa kisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Alitakiwa awe anakijua. Kisha mwaka 1870 Edward Steere, aliyekuwa mmisionari huko Unguja, alikichapa kisa kwa nathari katika mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliandika utendi tunaoufahamu leo, wenye beti zaidi kidogo ya 230, na maandiko yake yakafika mikononi mwa Alice Werner, mtaalamu wa Kiingereza, aliyeyatangaza kwa wasomi wa Ulaya. Mwaka 1999 Mugyabuso Mulokozi aliuhariri upya katika kitabu Tenzi Tatu za Kale, kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam. Na kwa njia hiyo mwalimu wa bara alipata matini yenye maelezo anayoweza kuyatumia.

Angalia basi: nyimbo za ngoma, nathari, utendi, kitabu cha wasomi. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo ambayo ni kunakili tu. Kijumwa hakuwa karani wa kuandika aliyoambiwa. Alikuwa mchonga milango, mwandishi wa khati nzuri, mwanamuziki na mshairi, na kazi yake ilikuwa kukusanya visa vilivyokuwa vimetawanyika katika vinywa vya watu na kuvitia katika bahari moja. Bahari hiyo ya utendi ina sheria zake. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti mpaka utendi uishe. Sheria hiyo humfanya msimulizi atembee kwa hatua fupi zilizo sawa. Hana nafasi ya kusimama na kueleza sura ya mtu au rangi ya jioni. Tunathubutu kusema kwamba mahali pengine mwendo huo humdhuru Kijumwa: nafsi ya yule mwana, ambayo mwandishi wa riwaya angeifungua kwa kurasa nyingi, hapa hupita mbele yetu kama mtu apitaye dirishani. Lakini penye hila na kitendo, mwendo uo huo humfaa sana.

Hakuna mahali unapomfaa kuliko gerezani. Liyongo amefungwa, na chakula anacholetewa na kijakazi Saada huliwa na askari kikiwa kizuri. Anatunga wimbo. Katika wimbo huo anampelekea mama yake habari kwamba aoke mkate mzuri kwa walinzi, na mwingine wa wishwa kwa ajili yake, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa ya kukatia minyororo. Askari wanausikia wimbo kama wanavyousikia wengine wote. Saada anausikia, anaupeleka, na mama anaufahamu. Mkate mzuri unaliwa na walinzi. Wa wishwa wanamwachia mfungwa, kwa sababu ni wa wishwa. Kisha Liyongo anaomba jambo la mwisho, apigiwe ngoma ya gungu, na katika kelele za pembe na matoazi sauti ya tupa inapotea, na pingu zinakatika.

Tunaliona tukio hili kuwa ni moyo wa utendi, kuliko hata ile sindano. Humo msimulizi ametuonyesha usimulizi ni nini. Wimbo mmoja umesikiwa na hadhira mbili, na hadhira hizo hazikusikia kitu kimoja. Aliyeufahamu ni yule aliyekuwa na haja nao. Joseph Mbele, ambaye amechunguza tendi za Kiafrika kwa muda mrefu, amesisitiza kwamba nafasi ya wanawake katika tendi hizo ni kubwa kuliko wasomaji wanavyodhani, na tukio la gerezani ni ushahidi wa kutosha. Pasipo Saada na mama, shujaa mwenye kimo kisicho cha kawaida angeozea kifungoni.

Sasa twende Moshono. Tulibahatika kuwa wageni wa nyumba moja huko, jioni ambayo msichana wa kidato cha tatu alimsimulia bibi yake kisa hiki, alichokuwa amekisoma shuleni. Alianza kwa Kiswahili. Kila kilipokuwa kigumu kwa bibi alihamia Kiarusha, kisha akarudi. Mwanzoni alisimulia kama anayejibu swali la mtihani, bila kupumzika. Alipofika kwenye kikoa, bibi alimsimamisha.

"Hao waliokuwa wakila naye," aliuliza, "walikuwa rika lake?"

Msichana alijibu kwamba kitabu hakisemi.

"Kama walikula naye, lazima walikuwa rika. Na kama walikuwa rika lake, walipata wapi moyo wa kumpangia kifo juu ya chakula?"

Jibu halikuwapo. Yule msichana alinyamaza kidogo, kisha akafanya jambo ambalo halikuwa katika daftari lake: alirudi nyuma, akaanza upya tangu zamu ya kwanza ya kikoa, mmoja baada ya mwingine akipanda na kushuka, na zamu ya Liyongo ikikaribia. Safari hii alisimulia polepole. Sisi tuliokuwa tumesoma utendi huo mara nyingi tulijikuta tunahesabu zamu. Alipofika kwa mwana na sindano, ambapo alitazamia bibi ashtuke, bibi alitikisa kichwa tu na kusema kwamba mtoto aliyeahidiwa mali aweza kufanya lolote.

Msomaji asilichukulie tukio hili kuwa ni kichekesho cha mzee asiyejua vitabu. Swali la bibi lilikuwa uhakiki, na tena uhakiki wa kweli. Kwa Waarusha, kama ilivyo kwa Wamasai, maisha ya mwanamume yamejengwa juu ya rika. Mtaalamu P. H. Gulliver, aliyeishi miongoni mwa Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1963, alionyesha jinsi rika na ukoo zilivyokuwa ndiyo mahakama na serikali yao. Morani wa mila hanywi maziwa peke yake. Chakula chake ni chakula cha wenzake. Mtu aliyelelewa katika sheria hiyo, akisikia kwamba watu wamekaa kula kikoa huku wameficha mauti, amekwisha kusikia ovu kubwa kuliko mengine yote ya hadithi. Linalokuja baadaye, hata likiwa la mwana kumwua baba, ni la nyumba moja. Lile la kikoa linavunja jambo linalomfanya mtu awe mtu mbele ya wenzake.

Kwa hiyo hadithi ile ile, bila kubadilishwa mtu wala tukio, ilihamisha uzito wake. Pwani uzito uliangukia kwa mwana msaliti; Moshono uliangukia kwa walaji wenza. Nasi tunasema kwamba uzito huo wa pili umo katika utendi tangu awali. Kijumwa aliuweka pale. Kikoa hakikuwa kitu kidogo kwa watu wa pwani pia. Ila wasomaji wa kitabu, kwa kuharakia mwisho, tumezoea kukiruka kama kisa cha kuonyesha tu shabaha ya shujaa. Ilibidi atokee msikilizaji kutoka mlimani ili ukurasa ule usomeke.

Hapa ndipo tunapokuwa na neno na shule. Ziko aina nyingi za kusimulia upya: kwa wimbo, kwa nathari, kwa tamthilia, kwa lugha nyingine. Mojawapo, tena inayotumika kuliko zote katika nchi yetu, haitajwi kamwe kuwa ni usimulizi: nayo ni muhtasari wa daftari. Mwalimu huandika ubaoni dhamira: usaliti. Chini yake huandika: mwana anamsaliti baba yake kwa tamaa ya cheo. Mwanafunzi hunakili, hukariri, hujibu, hupata alama. Hatuwalaumu walimu, ambao wana madarasa makubwa na muda mfupi, na mtihani haumsubiri mtu. Lakini tukubali kuwa muhtasari huo nao ni usimulizi, na katika historia yote ya Liyongo ndio ulio maskini kuliko mingine, kwa sababu ndio pekee usioruhusu msikilizaji aulize. Mwanafunzi wa Moshono akiandika katika mtihani kwamba usaliti mkubwa ni ule wa kikoa, na akaeleza sababu kama bibi yake alivyoeleza, je, atapata alama? Tunashuku. Naye akiisha kunyimwa mara moja, hatauliza tena. Atajifunza kwamba fasihi ni jambo la watu wengine ambalo wajibu wake yeye ni kulirudisha kama alivyolipokea.

Wala asidhani mtu kwamba bara ni wapokeaji tu na pwani ndiyo yenye tendi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitia shaka kama Afrika ina tendi kwa maana halisi. Majibu hayakuchelewa. Mwaka uliotangulia, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walikuwa wamekwisha kutoa Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, walioupata mwaka 1956 kwa mtambaji She-Karisi Rureke, ambaye aliwasimulia kwa siku 12 akiimba na kucheza huku wasaidizi wake wakimwitikia. Isidore Okpewho akaandika kitabu kizima juu ya utendi wa Afrika mwaka 1979. Na hapa kwetu Mulokozi akaonyesha kwamba waimbaji wa nanga wa Wahaya, wanaoketi na ala yao ya nyuzi na kuimba habari za watawala na mashujaa, ni watendi kwa kila kipimo. Wanaofundisha mkoa wa Kagera hawana haja ya kwenda Lamu kutafuta mfano.

Wanaofundisha Arusha nao wana wao, ingawa si wa bahari ya utendi. Wamaa wana masimulizi ya Mbatiany, oloiboni mkuu aliyefariki yapata mwaka 1890, na wanawe wawili Sendeyo na Olonana. Katika masimulizi yaliyochapwa na A. C. Hollis mwaka 1905, baba aliyekaribia kufa alimwagiza Sendeyo aje alfajiri kupokea zana za uoloiboni. Olonana alisikia, akatangulia, na mzee ambaye macho yake yalikuwa dhaifu akamkabidhi yeye. Ndugu wakagawanyika, na watu wao wakapigana. Mwanafunzi yeyote aliyelelewa katika kanisa, na Walutheri wako Ilboru tangu mwaka 1904, atasema mara moja kwamba hicho ni kisa cha Yakobo na Esau. Basi na aseme; lakini mwalimu asiishie hapo. Amwulize tofauti iko wapi. Katika Mwanzo, mama ndiye mpangaji wa hila. Hapa mama hayumo. Katika Mwanzo, ndugu wanakutana wakalia. Hapa kilichofuata ni vita, na mmoja wao, Olonana, alitambuliwa na Waingereza wa Kenya na kutia sahihi mkataba wao wa mwaka 1904. Inafaa pia mwanafunzi aulize nani alikuwa akisimulia na kwa nani. Hollis alikuwa mtumishi wa serikali iliyomtambua Olonana, na hata hivyo masimulizi aliyoyapokea hayakuifunika hila ya Olonana. Au labda kwa waliosimulia haikuwa aibu. Huenda walimwona kama sungura wa ngano, ambaye anastahili alichokipata kwa akili. Mambo haya yanajadilika kipindi kizima bila kumaliza, na yako mlangoni pa shule.

Tumesema ufundi umebadilika, nasi hatuna budi kueleza umebadilika wapi. Wengi hulaumu redio, kisha televisheni, na sasa simu za mkononi. Wale waliokuwa watoto katika enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana, na kwa hakika kipindi hicho kiliwafikishia watoto wa Arusha ngano za makabila ambayo wasingeyasikia kamwe. Hasara yake ilikuwa moja: mtambaji hakuwaona. Alisema "Paukwa", na mtoto huko Moshono akaitikia "Pakawa", lakini mwitikio ule haukufika popote, na msimulizi hakuweza kurudi nyuma kama alivyorudi yule msichana. Ndivyo kilivyo kitabu pia. Kitabu na redio vimetupa hadhira kubwa na kutunyang'anya swali. Ajabu ni kwamba darasani, ambapo mwalimu na wanafunzi arobaini wanatazamana, ambapo swali lingewezekana kabisa, tumechagua kuiga kitabu.

Msomaji aweza kutuuliza: kama kila hadhira yaweza kuhamisha uzito wa utendi, je, lolote laruhusiwa? La hasha. Tumepata kusikia visa vya Liyongo vilivyosimuliwa watoto ambamo mwana anatubu na kusamehewa, au ambamo shujaa hafi bali anatoweka. Msimulizi wa namna hiyo amewaonea watoto huruma wasiyoihitaji. Sindano ya shaba lazima iingie. Kisima lazima kikae siku nyingi bila kutekwa maji, kwa sababu hapo ndipo mji mzima unapolipia tendo la mtu mmoja: watu waliokaa kimya mfalme alipopanga njama sasa wanakufa kiu kwa kuiogopa maiti. Na mama lazima aje mwenyewe, yeye aliyeoka mkate, amsihi mwanawe ambaye hamjibu. Yule msichana wa Moshono aliyaacha yote hayo mahali pake. Alichobadilisha ni mwendo, yaani pa kukimbia na pa kukawia, na hilo ndilo msimulizi wa kila zama amekuwa na haki ya kulibadilisha. Alibadilisha pia neno moja: badala ya kisima alisema mfereji, kwa kuwa mifereji ndiyo iliyonywesha mashamba ya Meru tangu zamani. Hilo lilitusumbua kidogo. Kisima kina mahali pamoja ambapo maiti yaweza kukilinda, na mfereji ni mrefu, mtu aweza kuteka juu zaidi. Bibi hakulisema, pengine alilifikiri.

Tunataka tumalize kwa jambo ambalo bado halijapata mtambaji wake anayestahili. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili ardhi yao ipewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alitumwa na watu wake kwenda New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Alisikilizwa, azimio la kuwarudishia Wameru ardhi lilipata kura nyingi lakini halikufikia theluthi mbili zilizohitajika katika Baraza Kuu, na akarudi bila ardhi. Yeye na Seaton waliandika habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967, kwa Kiingereza. Kisa hicho kina kila kiungo cha utendi: mfalme wa mbali, njama, safari, wimbo unaosikiwa na hadhira mbili, mmoja akielewa na mwingine akisikia sauti tu. Kina hata ile hali ya kushindwa ambayo haikuwa kushindwa kabisa, maana madai ya Wameru yalijulikana kote nchini na wapigania uhuru waliyataja.

Pa kuanzia hapajakubaliwa. Atakayeanza na ndege ya kwenda New York atakuwa na shujaa mmoja, kama Liyongo. Atakayeanza na moshi wa Ngarenanyuki itambidi awataje wengi, nyumba kwa nyumba, na bahari yenye hatua fupi huenda isimtoshe. Tungependa kuona madarasa mawili ya shule moja yakijaribu kila moja njia yake, kwa Kiswahili, na kila kundi likisimulia mbele ya lingine, si kwa kusoma. Kutoka Moshono hadi Ngarenanyuki si safari ya siku nzima, na wale waliokuwa watoto mwaka 1951 wamebaki wachache. Maswali yao juu ya masimulizi hayo, kama ya yule bibi, yafaa yaulizwe wangali hapa kuyauliza.